Fainali ya Barafu ya Bi Khole

Jumamosi, 18 Aprili 1998. Ibra.

Leo ndiyo leo. Nimenyoa, nimevaa kanzu mpya, nimejifukiza udi mpaka nikapiga chafya. Nimekuja Ibra kumrudisha mke wangu.

Nikifa na watu wakasoma haya, wajue yafuatayo. Mimi ni Nadhir, fundi wa mafriji, duka langu Firq, nyumba yangu Nizwa, nimezaliwa Bujumbura. Mke wangu Shukriya kanikimbia tangu Idi kubwa, yupo kwa mama yake. Sababu yenyewe ndogo sana. Nilichomoa kompresa ya friza yake ili nipoze tangi la maji lililo juu ya paa, maana Oman hii ukifungua bomba la maji baridi unaungua. Fikra nzuri! Mtu mwingine angepewa zawadi. Ila nilisahau kumwambia Shukriya, na mle ndani ya friza mlikuwa na nyama ya Idi yetu, ya jirani na ya mama yake. Siku ya pili mtaa mzima ulijua, kwa pua.

Nimefika kwa shemeji yangu Nabhan, kaka yake Shukriya, anayeishi na mama yao. Majlisi imejaa wazee. Tumeamkiana, tumekaa, halafu mzee mmoja kaniuliza kwa Kiarabu chao cha huku: shi ulum? Yaani, kuna habari gani huko utokako? Nikafurahi, mtu kanijali! Nikampa habari. Friji la msikiti wetu limekufa. Mbuzi wa jirani kagongwa na gari. Nyama ya Idi ya familia hii ilioza lakini harufu sasa imepungua. Vikombe vya kahawa vimesimama hewani.

Nabhan kanivuta nje. Kasema watu wa hapa wakiuliza habari jawabu ni moja tu: ma shi ulum, hakuna habari. Hata nyumba yako ikiwa inaungua, unasema hakuna habari, unakula tende, unakunywa kahawa, ndipo unasema taratibu kwamba nyumba inaungua. Nikamwambia kwetu Bujumbura mtu akiuliza habari anataka habari. Kasema hapa si Bujumbura.

Shukriya nimemwona mlangoni. Kapendeza, moyo ukanilipuka. Kaniangalia kanzu yangu mpya, kaniuliza nyama ya mama yake i wapi, kaingia ndani.

Jumapili, 19 Aprili. Ibra.

Nimelala majlisini kama mgeni. Asubuhi nimesikia mama mkwe, Bi Khole, anapiga kelele ndani: mpige, mkanyage, usimwachie! Nikajua mwizi. Nikaingia mbio na kiatu mkononi.

Hakuna mwizi. Bi Khole kakaa peke yake mbele ya televisheni na bilauri ya chai. Kwenye televisheni wanawake wamevaa viatu vya visu, wanateleza juu ya barafu na magongo, wanagombania kidude cheusi mfano wa kitumbua kilichoungua. Nikatoa shikamoo. Kaitikia marahaba bila kunitazama.

Kumbe ni mashindano ya kimataifa ya hoki ya barafu ya wanawake. Yanachezwa huko kwenye baridi, nchi gani Bi Khole hajui wala hajali. Dishi lililo juu ya paa lake kafunga Wadhah, mtoto wa amu yake Shukriya, mwenye duka la madishi na video. Wadhah alitaka kumtafutia mama vipindi vya dini. Mama kakuta hoki, kabakia hapo hapo.

Kanieleza sababu zake. Kwanza, hawa ndio wanawake waliojisitiri: kichwa kimefunikwa, mikono imefunikwa, miguu imefunikwa. Pili, yule mlinda lango wa buluu kavaa na barakoa, kama mabibi wa huku Sharqiyah, tena barakoa nzuri ya chuma. Huyo kamwita binti yangu. Tatu, na hili ndilo alilolikazia, mtu akifanya utovu wa adabu hatukanwi wala hapigwi. Anatiwa kwenye kibanda cha pembeni, anakaa peke yake, watu wote wanamwona, mpaka dakika zake zishe.

Nikasema, mpango mzuri kwelikweli, Mama. Kasema, na wewe umo ndani ya kibanda, mwanangu, tangu Idi.

Jumatatu, 20 Aprili. Ibra.

Balaa! Nabhan kasema Alhamisi wote tunakwenda Sur, arusi ya Lujain, mjukuu wa dada yake Bi Khole. Bi Khole kauliza saa ngapi. Nabhan kasema baada ya magharibi. Bi Khole kashika kifua, kasema anaumwa.

Haumwi. Fainali ni Alhamisi baada ya magharibi, buluu na wekundu. Binti wa barakoa kaingia fainali.

Nabhan kapandwa na hasira. Kasema mama asipokwenda, watu wa Sur hawatatukanyagia mlango huu mpaka Lujain apate wajukuu. Bi Khole kasema na wasikanyage, zulia litapona. Shukriya yuko katikati, anawatuliza wote wawili. Mimi niko kizingitini na tende mdomoni. Hapo hapo nimeona mwanya.

Nikajitokeza. Nikasema, Mama, wewe nenda Sur kwa raha zako. Mimi ntabaki, nikurikodie fainali nzima kwenye kanda ya video. Ukirudi Ijumaa utaitazama kana kwamba ndiyo kwanza inachezwa.

Bi Khole kanitazama kwa mara ya kwanza tangu nyama. Kafikiri. Halafu kasema mbele ya wote: kanda iwe nzima, na mtu yeyote asinambie nani kashinda kabla sijaona mwenyewe. Ukiweza hilo, Shukriya atarudi na wewe Nizwa. Usipoweza, rudi na kanzu yako.

Shukriya kakunja uso, kaondoka. Sijui kwa nini. Jambo lenyewe linahusu kurudi kwake.

Wadhah kaja jioni, kasikia, kacheka. Kasema na yeye atarikodi, dukani kwake kuna mashine mpya. Wadhah kazaliwa hapa hapa, si Afrika, Kiswahili chake kinachechemea. Kamwambia Bi Khole: shangazi, kanda yangu atatoka safi kuliko yake. Bi Khole kacheka na kumpa halwa. Mimi sikupewa halwa.

Jumanne, 21 Aprili. Ibra.

Mkakati wa kwanza umefanikiwa! Adhuhuri, mji wote umelala, jua linachoma mpaka mbuzi wamejificha. Nimepanda juu ya paa la duka la Wadhah. Dishi lina moto wa kukaangia yai. Nimelizungusha. Sasa linatazama mlima. Alhamisi atarikodi mawe.

Nimeteremka na malengelenge ya viganja. Shukriya kayaona wakati wa chakula, kauliza nimefanya nini. Nikasema, ma shi ulum. Kabetua midomo. Nadhani kavutiwa, najifunza mila zao upesi.

Sasa mkakati wa pili. Kurikodi ni kazi nyepesi, shida ni midomo ya watu. Mtu mmoja tu akimwambia Bi Khole nani kashinda, nimekwisha. Lazima niwaonye. Nimeanza na muuza kahawa. Nikamwambia, tafadhali, usimwambie Bi Khole matokeo ya hoki ya barafu ya wanawake. Kauliza hoki ya barafu ni nini. Nikamweleza. Kauliza inaonyeshwa wapi.

Nimemwonya pia kinyozi, muuza samaki wa Sur, na walimu wawili niliowakuta kwa kinyozi. Wote wameapa watafunga midomo. Watu wazuri hawa.

Jumatano, 22 Aprili. Ibra.

Leo soko la wanawake. Kila Jumatano wanawake wa Ibra na vijiji vyake wanauziana vitambaa, hina, udi na maneno, na mwanamume hakanyagi ndani. Bi Khole hakosi. Nikajua habari zote za mji huu zinazaliwa mle. Mle ndimo pa kuonya!

Nimefika langoni. Bibi mmoja mwenye barakoa kaninyooshea bakora, nikarudi nyuma. Sawa. Fundi hakosi dawa. Pikapu yangu ina kipaza sauti juu, natangazia matengenezo ya mafriji. Nimeiegesha nje ya ukuta, nimewasha, nimesema kwa Kiarabu changu chote nilichonacho. Enyi mama zangu! Kesho baada ya magharibi kuna fainali ya hoki ya barafu ya wanawake! Mkijua nani kashinda, Bi Khole asijue! Mke wangu hatarudi!

Nimerudia, wa mbali wasikose.

Soko lote likacheka. Kicheko kimepita juu ya ukuta, kimepanda mtaa, kimefika mpaka kwa kinyozi. Na Bi Khole alikuwa mle mle, kashika kitambaa cha arusi mkononi.

Nyumbani Shukriya kaniuliza kama nina akili timamu. Kasema kabla yangu hakuna mtu Ibra aliyejua barafu inachezewa hoki, na leo bibi wa miaka themanini kamshika mkono sokoni kumuuliza binti wa barakoa anafaa kuolewa na mjukuu wake au la. Nikasema, lakini wote wameonywa. Kaondoka tena. Mwanamke huyu anapenda sana kuondoka.

Alhamisi, 23 Aprili. Ibra.

Wamekwenda Sur asubuhi. Bi Khole kaniachia ufunguo, kanitazama kwa muda mrefu, kasema binti yangu mikononi mwako. Sijui alimkusudia yupi.

Baada ya alasiri nimetia kanda mpya. Nimejaribu mashine. Barabara. Nikajitandikia takia, nikajimiminia kahawa.

Hodi ya kwanza muuza kahawa, pamoja na birika lake. Kasema dishi la Wadhah limeharibika, linaonyesha chenga tupu, na yeye kaja kwa sababu mimi ndiye niliyemweleza mchezo wenyewe. Hodi ya pili kinyozi. Ya tatu walimu. Halafu sijui hodi ngapi, kwa sababu hazikuwa tena hodi, watu walikuwa wanaingia tu. Mwisho kaja Wadhah mwenyewe, kanuna, na mashine yake mpya kwapani.

Ebo! Ningewafukuza? Mgeni akishavua viatu huku, humfukuzi, unamtilia kahawa. Nimemtilia kahawa Wadhah! Kwa mkono wangu wenye malengelenge! Kaniangalia viganja, halafu kaangalia juu kwenye paa, halafu viganja tena. Nikasema joto mwaka huu limezidi.

Fainali. Ya Rabi! Wekundu wamefunga, buluu wamerudisha. Mwekundu mmoja kampiga buluu kwa kiwiko, mwenye kanzu ya milia kamtia kibandani, na uwanja mzima wa Bi Khole ukashangilia. Muuza samaki kasimama juu ya takia la marehemu baba mkwe. Walimu wakabishana kuhusu sheria ambazo hakuna hata mmoja anayezijua. Wamelingana mpaka mwisho. Ikaja mikwaju, mmoja mmoja mbele ya binti wa barakoa.

Kazuia. Kazuia tena. Wa mwisho kaja mwekundu mrefu, kamyumbisha kulia, kushoto, halafu kakipitisha kitumbua katikati ya miguu yake. Basi. Binti wa barakoa kapiga magoti juu ya barafu, hakuinuka. Nimelia. Kinyozi kalia. Wadhah kasema machozi yake ni vumbi.

Halafu nikakumbuka. Mji wote unajua! Nikasimama mlangoni, nikaapisha kila aliyekuwa anatoka. Wakasema, we Nadhir, unatuonaje? Kesho akituuliza tutasema ma shi ulum. Tumelelewa kusema hivyo.

Kanda nzima, safi. Nimeifunga kwenye kilemba, nalala nayo.

Ijumaa, 24 Aprili. Ibra.

Nitaandika yalivyokuwa.

Wamerejea baada ya alasiri. Bi Khole kashuka garini na pamba masikioni. Shukriya kasema ametoka nazo Sur, hata pale walipotia petroli hakuzitoa. Mji mzima ulikuwa uwanjani mbele ya nyumba. Bi Khole kakaa, kazitoa pamba moja moja, kawaangalia watu kwa zamu. Kaanza na muuza kahawa. Shi ulum?

Ma shi ulum, hakuna habari.

Kinyozi: hakuna habari. Walimu: hakuna habari. Muuza samaki, jasho linamtoka: hakuna habari. Wanawake wa soko wamepita mmoja mmoja na halwa na hina, kila mmoja kasema hakuna habari, barakoa zinatikisika. Kafika Wadhah. Nikafumba macho. Wadhah kauma ncha ya kilemba chake, kasema hakuna habari, shangazi.

Wallahi nimeona fahari. Mji mzima umebeba siri yangu mdomoni na haujaimwaga. Nimemtazama Shukriya, na kwa mara ya kwanza tangu Idi kanitabasamia, kidogo, upande mmoja. Nikaona Nizwa, nikaona mlango wetu, nikaona vyombo vyake jikoni.

Bi Khole kanigeukia. Uso laini. Na mimi hakuniuliza kwa Kiarabu. Kaniuliza kwa Kiswahili, kwa sauti ya mama, kama alivyokuwa akiniuliza mama yangu Bujumbura nikirudi skuli: habari za hapa, mwanangu?

Nikasema, njema, Mama. Ila yule binti yako kapitishiwa katikati ya miguu.

Yamenitoka! Ila hiyo! Kwetu habari ni njema siku zote, halafu inakuja ila. Njema, ila paa limeanguka. Njema, ila mjomba kafa. Wiki nzima nimejifunza kumjibu Mwarabu, hakuna aliyenifundisha kumjibu mama mkwe.

Bi Khole kazichukua zile pamba, kazirudisha masikioni taratibu. Zimechelewa.

Nilidhani ataivunja kanda. Hakuivunja. Kasema itiwe. Tumeitazama wote, mji mzima, kutoka mwanzo. Na ilipofika mikwaju, na yule mrefu kaja, Bi Khole kasimama akapiga kelele: bana miguu, mwanangu, bana! Na sisi sote, tuliokwisha kujua, tukapiga kelele pamoja naye. Nimepiga kelele kuliko wote. Nilikuwa nataka kwa roho yangu yote azuie mara hii.

Hakuzuia. Bi Khole kajifuta macho, kasema ahadi ni ahadi. Shukriya anabaki. Mimi nirudi na kanzu yangu.

Jumamosi, 25 Aprili. Nizwa!

Nimeandika Nizwa, na hapa hapa jikoni kuna mtu anagonganisha sufuria. Alhamdulillahi, alhamdulillahi!

Asubuhi nilikuwa natia virago kwenye pikapu. Nabhan kaniaga kwa huruma, jambo lililoniumiza zaidi. Wadhah kaniaga kwa furaha, kauza madishi mengi wiki hii, kasema Nadhir nyingi sana asante. Nikawasha gari. Shukriya kaja, kasimama mbele ya taa.

Kasema nimembembeleza mama yake. Nimembembeleza kaka yake, kinyozi, muuza samaki. Nimelibembeleza soko zima kwa kipaza sauti. Yeye mwenyewe, mke, sijamwambia neno hata moja. Kasema yeye si kanda ya video ya kuchukuliwa huku na kupelekwa kule. Kasema angerudi wiki ile ile ya Idi, lau mtu angemwomba yeye.

Sikuwahi kufikiri hilo! Mikakati yote, na hilo halikunijia!

Nikashuka. Nikasema, Shukriya, nisamehe nyama. Nyumba imenishinda, naogopa kuingia jikoni. Rudi, mke wangu, nakuomba wewe.

Kasema dakika zangu zimekwisha, nitoke kibandani. Mkoba wake ulikuwa tayari nyuma ya mlango, kumbe kaufunga tangu usiku.

Sharti moja: friza mpya, na nyuma ya friza hiyo nisipeleke mkono, jicho wala bisibisi. Nimeapa. Njia nzima ya Sinaw nimeendesha kwa kuimba.

Alhamisi, 7 Mei. Nizwa.

Friza imefika! Kubwa, nyeupe, inanguruma kwa heshima. Shukriya kaijaza: mbuzi mzima, samaki, na sambusa za kumpokea mama yake. Maana Bi Khole anakuja kesho! Kapiga simu, kasema keshanisamehe, binti wa barakoa pia kasamehewa, ila ana huzuni moja tu katika maisha yake. Hajapata kuiona barafu ya kuteleza kwa macho yake, na umri umekwenda.

Nimeguswa. Nani asingeguswa?

Nimepanda juu ya paa kufikiri. Paa letu ni tambarare, lina ukingo pande zote nne. Ukilimwagia maji na kupitisha mabomba ya gesi chini, kisha upate kompresa yenye nguvu, yenye nguvu hasa, kesho alasiri mama mkwe anatembea juu ya barafu Nizwa, mwezi wa Mei! Atalia kwa furaha. Nimekwishakata magongo mawili ya mtende.

Kompresa ni ya kuazima tu, kwa siku moja. Na sikupeleka mkono nyuma ya friza, niliilaza, nikapitia chini.

Shukriya kaniita sasa hivi kutoka uani. Kauliza, habari za huko juu? Nimekaa, kompresa mapajani, bado ina moto. Mtu hujifunza. Safari hii sikukosea, nimemjibu kama mzee wa majlisi.

Hakuna habari, mke wangu. Hakuna habari kabisa.